Zamu Nne za Toledo

Daktari Eileen Maddox aliingia bila kubisha hodi, akausukuma mlango kwa kisigino ukafungika, na hakukaa. Gordon Tessmer alijua hapo hapo kwamba mambo yameharibika. Katika miaka tisa ya kufanya kazi pamoja, mama huyu alitoa habari za kawaida akiwa amekaa na habari mbaya akiwa amesimama, na leo kiti hakukitupia hata jicho.

"Goti la kulia," alisema. "Gegedu imekwisha. Sisemi imepungua, Gordon. Imekwisha. Mfupa unasaga mfupa."

"Lakini Tolliver anacheza dakika thelathini na nne kila mchezo."

"Anacheza kwa sindano. Nimeziona alama."

"Atacheza mpaka lini?"

"Akibahatika, msimu huu na nusu ya ujao. Asipobahatika, ataanguka Jumanne mbele ya watu elfu kumi na tisa." Akaweka bahasha ya picha juu ya meza. "Mimi ningemkataa. Lakini mimi kazi yangu ni kuandika nilichokiona. Kukubali au kukataa ni kazi yako. Pole sana."

Akatoka. Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, na nje theluji ilikuwa inaanguka kwa uvivu juu ya watu waliopanga foleni kununua tiketi.

Watu hao walikuwa na haki ya kufurahi, maana hakuna aliyewaambia lolote. Jana yake alasiri, dakika kumi na moja kabla dirisha la kubadilishana wachezaji halijafungwa, meneja mkuu wao alikuwa amekubaliana na San Diego kumleta Dorian Tolliver, mtu aliyechaguliwa mara saba kuwa miongoni mwa wachezaji bora wa ligi. Toledo haikuwahi kuwa na mchezaji wa namna hiyo. Toledo ilikuwa na viwanda vya vioo, baridi, na timu ya kikapu iliyofungwa kwa adabu. Leo duka la donati la karibu na uwanja lilikuwa limeandika namba ya jezi yake, kumi na nne, kwa sukari juu ya kila donati, na kina mama watu wazima walikuwa wanapiga simu redioni wakilia kama walioolewa upya.

Bei yake ilikuwa zamu nne. Kila kiangazi timu za ligi hupanga foleni kuchagua vijana wapya, na timu iliyofanya vibaya husogezwa mbele ili nayo ipate kitu cha maana. Kwa mji kama Toledo, ambao hakuna nyota anayehamia kwa hiari yake, foleni hiyo ndiyo mlango pekee. Gordon aliuza zamu ya kwanza ya mwaka huu, ya mwaka wa tatu, ya mwaka wa tano na ya mwaka wa saba. Kuuza miaka miwili iliyofuatana sheria inakataza, kwa hiyo aliruka mmoja mmoja kama mtu anayevuka kijito kwa mawe. Juu yake akaongeza Emmett Rawls, mchezaji aliyeitumikia timu miaka kumi na moja. Mbali na zamu za katikati, ambazo sheria haikumruhusu kuuza, hakubakisha kitu ambacho mtu mwingine angekitaka.

Ila mpango huo ulikuwa bado unaning'inia. Mpaka timu inayopokea imkubali mchezaji kwa afya yake, hakuna kilichokamilika, na timu ina haki ya kusema hapana na kurudishiwa vyake vyote. Haki hiyo ilikuwa ya Gordon mpaka saa kumi na moja jioni. Alikuwa na miaka sitini na tatu, na kwa saa saba zilizobaki alishika mkononi miaka saba ya watu wengine.

Alizitoa picha kwenye bahasha, akazitazama, akazirudisha. Hakuwa daktari, lakini hata yeye aliona.

Sasa, ili mtu aelewe kwa nini meneja mwenye akili zake timamu hakupiga simu San Diego dakika ile ile, lazima aijue habari ya sahani. Toledo nzima inaijua. Gordon alikuwa na desturi moja aliyojivunia kuliko zote: kila kijana aliyetaka kumchagua, alimpeleka kwanza kula chakula katika mkahawa mmoja wa heshima kando ya Mto Maumee, akamwangalia anavyowatendea wahudumu. Alisema mpira unaweza kufundishwa, utu haufundishiki. Miaka kumi na moja iliyopita, Toledo ikiwa na zamu ya tano, aliwapeleka vijana wawili, kila mmoja kwa jioni yake. Emmett Rawls, mhudumu alipomwaga maji, aliinuka akasaidia kufuta meza. Dorian Tolliver alirudisha sahani mara mbili, hakusema ahsante, hakumtazama yule mama usoni. Gordon akalikata jina lake kabla kahawa haijaletwa. Akamchagua Emmett, na kwa majivuno akawasimulia waandishi wa habari sababu.

Tolliver alichukuliwa na San Diego, timu iliyofuata kwenye foleni, na yaliyobaki kila mtu aliyaona. Emmett alikuwa kijana mwema kweli, mwema mpaka basi, akafunga pointi tisa kwa mchezo. Kila Tolliver alipokuja Toledo, mashabiki wa nyumbani, tena wa nyumbani, walikuja na sahani za karatasi. Usiku alipofunga pointi hamsini na moja walizirusha uwanjani, mchezo ukasimama robo saa zikifagiliwa, na watu elfu kumi na tisa wakaimba, "Rudisha sahani, Gordon!" Kwenye kituo cha mafuta, kwa kinyozi, kote walimtania; hata kwenye mazishi ya dada yake mwenyewe kuna mtu alimpa mkono wa pole na kumwuliza kama alishamshukuru mhudumu. Miaka kumi na moja alicheka nao. Ndani alikuwa anaoza.

Kwa hiyo San Diego walipompigia simu Jumatatu, aliuliza bei. Hakuuliza kwa nini wanauza.

Saa tano Ines Balderrama aliingia. Ines ndiye aliyekuwa msaidizi wake na mkuu wa kutafuta vijana, mwanamke wa miaka thelathini na sita aliyekulia mtaa wa kusini wa mji huo huo, mwenye ulimi mkali na macho yasiyokosea. Siku tatu nzima alikuwa amepinga mpango huu mpaka sauti ikamkauka. Daktari alikuwa amemwambia.

"Mungu ametuonea huruma," alisema, akajitupa kitini. "Sikutegemea, lakini ametuona. Ghairi, bosi. Piga simu sasa hivi, tule chakula cha mchana kama binadamu."

Gordon aliigeuza bahasha ya picha juu ya meza.

"Gordon?"

"Nafikiri."

"Unafikiri nini? Kuna cha kufikiri hapo?" Aliinama mbele. "Tulipanga nini mimi na wewe? Vijana watatu, wanne, tuwalee, wakue pamoja. Polepole. Wewe mwenyewe ulinifundisha. Unajua zamu ya mwaka wa saba ni nini? Ni mtoto wa miaka kumi na mbili. Yuko darasani sasa hivi, meno hayajakaa sawa, hajui hata kama sisi tupo. Tumemuuza kwa goti la sindano."

"Watu wako nje wanapanga foleni, Ines."

"Watanuna wiki mbili, mwezi. Watakuchapa na sahani zao, umeshazoea." Akaona uso wake, akashusha sauti. "Samahani. Lakini hao hao ndio watakaokaa miaka saba wakiangalia timu isiyo na nyota wala vijana. Na mimi. Mimi ndiye nitakayekuwepo, Gordon, wewe utakuwa Florida unavua samaki. Kazi yangu ni kuchagua vijana. Nitachagua nini? Mapazia?"

"Tukimkataa, amekwisha. Hakuna timu itakayomgusa."

"Basi usimkatae! Omba wapunguze bei. Waambie tumeona goti, turudishiwe zamu mbili. Watu wanafanya hivyo kila mwaka, si aibu."

"Nikiomba, habari itavuja kabla ya saa nane mchana."

"Na ivuje!"

Gordon alisema atafikiri. Ines alisimama, akamtazama kwa muda mrefu, na kilichomwumiza Gordon ni kwamba hakukuwa na hasira katika macho yale. Alikuwa anamwogopa, kama mtu anavyoogopa baba aliyeanza kusahau njia ya nyumbani.

Alijaribu basi kumtafuta mtu wa kumzuia. Alishuka chini kwa mzee Lowell Ostrander, mwenye timu, ambaye kwa kawaida haji uwanjani kabla ya mchezo. Leo amekuja. Alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, ana miaka themanini na sita, mrija wa hewa puani, na juu ya sweta amevaa jezi mpya namba kumi na nne iliyomfika magotini.

"Kijana wangu!" alisema. "Njoo nikushike mkono. Nilishapanga kufa mwezi wa nne, sasa nimeahirisha."

"Bwana Ostrander, daktari ana wasiwasi na goti."

"Daktari wangu ana wasiwasi na mapafu, moyo, na figo zote mbili. Si nimekuja kazini?"

"Ni wasiwasi mkubwa. Inawezekana tusipate hata misimu miwili. Na zamu tulizotoa zinakwenda mpaka mwaka wa saba."

Mzee alilitazama pindo la jezi magotini. Mashine yake ya hewa ilipumua mara kadhaa. Kwa kitambo kidogo Gordon alitumaini kwamba mzee atakasirika, atapiga mkono wa kiti, atasema rudisha, nimekataa, na kila kitu kitakuwa kosa la mtu mwingine.

"Mimi sikuingilii," mzee alisema mwishowe. "Nimekuajiri ili uamue. Lakini mwaka wa saba, Gordon? Mwaka wa saba mimi naujulia wapi?" Akacheka, kikohozi kikamshika, muuguzi akaja mbio, na Gordon akarudi ghorofani mikono mitupu.

Emmett alimpigia saa saba. Alikuwa San Diego hotelini, naye anasubiri kukamilika kwa mpango. Gordon alipokea simu akitegemea shukrani, kwa sababu Emmett alikuwa mtu wa kushukuru hata anapofukuzwa, na kweli alishukuru. Alisema ameiona bahari, mkewe amelia lakini atazoea, watoto wameshaaga shuleni. Halafu akakohoa.

"Huku wanasema mambo yanaweza kugeuka. Eti bado kuna jambo la daktari."

"Nani anasema?"

"Watu tu. Gordon, mimi sijawahi kukuomba kitu."

"Hujawahi."

"Nakuomba sasa. Usinirudishe. Wewe uliniambia mimi ni mtu wa Toledo mpaka mwisho, ukaniuza kwa dakika tano, sawa, ndiyo kazi ilivyo. Lakini kuingia tena kwenye kile chumba, kuwaamkia watu, kuvaa ile jezi kana kwamba hakuna kilichotokea, siwezi. Nitaacha mpira kabisa."

Gordon alisema amemsikia. Aliikata simu, akakaa ameshika tama, na akaona wazi kwamba hakuna mlango wa kutokea ambao hautamwumiza mtu. Alijua pia, na hili ndilo alilolisogeza pembeni mchana kutwa, kwamba baadhi ya maumivu yangepona kwa mwezi na mengine yangechukua miaka saba. Hesabu haikuwa ngumu. Mtoto wa shule angeifanya.

Saa tisa alikwenda kumwona Tolliver.

Alimkuta kwenye chumba cha wakandaji, peke yake, amelala chali kitandani, mifuko ya barafu imefungwa magoti yote mawili. Mtu mrefu vile akilala huonekana ametupwa. Alikuwa ameota mvi chache kwenye ndevu, jambo ambalo kwenye televisheni halikuonekana.

"Kaa, mzee," Tolliver alisema. "Unanitazama kama daktari wa meno."

Gordon alikaa. Alikuwa amejiandaa kuuliza juu ya goti, lakini kinywa chake kilikwenda kwingine.

"Kuna jambo la zamani nilitaka kukuuliza."

"La sahani." Tolliver alilisema bila uchungu. "Miaka kumi na moja kila mwandishi ananiuliza, nimewanyima wote. Wewe mwenyewe hujaniuliza hata siku moja. Nilikuwa nakusubiri."

"Nakuuliza leo."

"Uliniletea samaki." Aliiangalia dari. "Mimi kwetu Odessa, Texas, vumbi tupu, samaki nilimjua wa pembe nne, katoka kwenye boksi. Wewe ukaniletea mwenye kichwa. Ana macho, ananitazama. Na uma tatu pembeni, sijui nianze na upi, na wewe upande wa pili unaniangalia mikono. Nikasema rudisha, nikitumaini wataleta kuku. Wakaleta samaki mwingine, mkubwa zaidi!" Alicheka kidogo. "Nikarudisha tena. Yule mama nilitaka kumshukuru, wallahi nilitaka, ila kilio kilikuwa hapa kooni. Nikifungua mdomo tu, nalia mbele ya watu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mzee. Mama yangu alikuwa ameninunulia suti kwa mkopo kwa ajili ya jioni ile."

Gordon aliona aibu kiasi cha kutamani ardhi ipasuke immeze. Miaka kumi na moja alikuwa amejiambia kwamba hata kama alikosea mpira, hakukosea mtu; huo ndio uliokuwa mto wake wa kulalia. Kumbe alikaa mezani na mtoto mwenye hofu, akaandika kiburi.

"Samahani," alisema. Neno lilikuwa dogo mno na wote wawili walilisikia udogo wake.

"Yamepita."

"Goti linauma?"

Tolliver aligeuza kichwa. "Unaniuliza kama nani?"

"Kama mtu anayetakiwa kutoa jibu kabla ya saa kumi na moja."

Barafu ilikuwa inayeyuka, maji yanadondoka sakafuni.

"San Diego hawajaniuliza swali hilo tangu Novemba. Wananichoma sindano, wananipigapiga begani, wanasema hongera. Nikikwambia haliumi, nimekudanganya, na sitaki kuanza hivyo. Nikikwambia linauma, wewe mwenyewe unajua litakalofuata." Akajiinua kwa viwiko. Uso ule uliokuwa kwenye mabango nusu ya Amerika ulikuwa umechoka kabisa. "Ninachojua ni kwamba asubuhi nimeingia mji huu, watu wamesimama kwenye theluji wananipigia makofi. Huko San Diego wameshaacha. Mzee, mimi najua ulichokuja kupima. Nakuomba tu. Usinikate mara ya pili."

Gordon alimgusa mguu, juu ya barafu, akaondoka, na alipokuwa kwenye lifti alijua kwamba ameshaamua, na kwamba ameamua vibaya, na kwamba kujua huko hakutamsaidia kitu. Alihisi kama ameshikwa mkono na mtu anayempeleka mahali asikotaka kwenda. Mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Saa kumi na nusu alimwita Ines.

"Ninamkubali," alisema.

Ines alivuta pumzi, akaanza upya, kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa. "Sawa. Wewe ndiye bosi. Basi fanya hili moja. Omba wakurudishie mbili. Hata moja, Gordon. Ya mwaka wa saba peke yake."

"Nikiomba, watajua goti limeharibika."

"Wanajua! Ni wao waliomchoma sindano! Unawaficha watu siri yao wenyewe?"

Gordon alijua anachosema Ines ni kweli, kila neno. Lakini alipofikiria kuinua simu na kulitaja goti lile kwa sauti, kulipunguzia bei, alimwona yule kijana wa miaka kumi na tisa mbele ya samaki.

"Sitamwekea mtu bei ya mnada mara tu nilipotoka kumwomba radhi," alisema.

"Huo si wema. Unajilipia deni lako wewe, kwa mali yetu sisi."

"Funga mlango, ukae. Wanapiga sasa hivi."

Ilikuwa desturi ya ligi kwamba, daktari akiandika shaka yoyote, wanasheria wa ligi huziweka timu zote mbili kwenye simu moja, na timu yenye haki ya kukataa hutamka kwa mdomo wake kwamba imeiona taarifa na inaachilia haki hiyo. Halafu husomewa mpango mzima, kipande kwa kipande, na kila kipande hukiitikia. Gordon aliweka simu katikati ya meza na kufungua spika.

Mwanasheria alikuwa mwanamke aliyesoma kwa sauti kavu. Upande wa San Diego alikuwepo meneja wao, Preston Haig, aliyesalimia kwa neno moja tu.

"Toledo, mmeiona taarifa ya daktari wenu?"

"Tumeiona."

"Mnaomba mabadiliko yoyote katika mpango kwa sababu ya taarifa hiyo?"

Ines alimtazama. Alinyanyua kidole kimoja tu, akakiweka juu ya meza mbele yake. Gordon alikiona. Sekunde zile zilikuwa nyingi kuliko saa zote za siku hiyo, na ndani yake alikuwa na nafasi ya kutosha kuwa mtu mwingine.

"Hapana," alisema.

"Emmett Rawls kwenda San Diego?"

"Ndiyo."

"Zamu ya kwanza ya mwaka huu?"

"Ndiyo."

"Ya mwaka wa tatu?"

"Ndiyo."

Ines alikiondoa kidole mezani. Alianza kulia bila sauti, bila kujificha, kama watu wanavyolia hospitalini wakishaambiwa.

"Ya mwaka wa tano?"

"Ndiyo."

"Ya mwaka wa saba?"

Gordon alijaribu kumfikiria yule mtoto wa miaka kumi na mbili, meno hayajakaa sawa. Hakupata sura yoyote.

"Ndiyo," alisema.

"San Diego?"

"Tunakubali," alisema Haig haraka.

"Mpango umekamilika. Ahsanteni, jioni njema." Mwanasheria akatoka kwenye laini.

Gordon alikuwa bado hajakata simu. Labda Haig alidhani kwamba, mwanasheria akishatoka, laini yote imekufa, maana kutoka upande wa pili ilisikika kwanza pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo aliobeba tangu Novemba. Kiti kikalia. Mtu mwingine chumbani mle, mwanamume kijana, akaongea.

"Imekwisha? Hivi hivi?"

"Imekwisha."

"Na zile zamu tatu tulizokuwa tumemtengea kumrudishia?"

"Hakuomba hata moja," alisema Haig, na hakukuwa na kicheko ndani ya sauti yake. "Zirudishe kwenye ubao wetu."